Samaki wa Tumbo Jekundu

Wakati wa vita, barabara ya Kirumba ilipofungwa, samaki wa ziwani hawakufika tena Butembo. Bwawa la mama yangu, la juu kabisa katika bonde letu, ndilo lililotulisha. Hadi leo hasira hunipanda nikikumbuka lilivyoharibiwa.

Alikuja agronomu mmoja, bwana shamba mwenye buti, ametumwa na wakubwa waliotutawala wakati ule. Pikipiki yake ilibeba bidoni, dumu la plastiki, lililojaa samaki wachanga. Alisema ni tilapia wa kisasa kutoka ng'ambo ya mpaka, wananenepa upesi. Mama aliingiza mkono, akamtoa mmoja aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake, akamgeuza kwenye mwanga. Alikuwa amepaa samaki tangu utotoni na jicho lake halikuhitaji cheti.

"Mutoto yangu, hii hapana tilapia yetu," alimwambia. "Yetu iko na mistari ku mukia. Hii iko na tumbo nyekundu."

Agronomu alicheka, akamwambia kwamba yeye amesoma, mama aendelee na mihogo yake.

Mama angemfukuza. Lakini kwetu mbegu haikataliwi mkononi mwa mgeni, iwe ya maharagwe au ya samaki. Ukiikataa, ni kama umemtakia njaa. Akawamwaga bwawani huku amenuna. Kama alikosa, alikosa kwa adabu.

Miezi kadhaa baadaye, tulipokausha bwawa ili kuvuna, majirani walikuja kusaidia kuzoa tope, na kama kawaida kila mmoja aliondoka na ndoo ya samaki wachanga wa kupanda kwake. Mama alijaribu kuwachambua, lakini wakiwa wadogo hivyo wote wanafanana, na watu walikuwa na haraka. Ndivyo samaki wageni walivyoshuka bonde zima. Baadaye watu walisema ni mafuriko. Mafuriko gani? Ni ndoo zetu wenyewe.

Samaki wale walimaliza majani yote, wakazaana ovyo, wakabaki wembamba, miiba mitupu. Wetu wakatoweka karibu wote. Wenye mabwawa walikutana, agronomu akaitwa. Alisema bila haya kwamba uchafu umeanzia juu, kwa yule mama.

Mama hakubishana. Alimwekea sahani yenye samaki wawili, mmoja wa mistari na mmoja wa tumbo jekundu, akamwomba aonyeshe yupi aliyeletwa na yeye. Msomi wetu aliwatazama muda mrefu, kisha akagusa yule wa mistari.

Nilidhani mambo yameisha, maana kila mtu aliona. Lakini nyuma yake kulikuwa na wenye bunduki, na wanaume wale wazima wakatazama chini. Wakaamua bwawa la mama lifukiwe, mengine yabaki.

Kesho yake mama alichukua jembe akaanza kulifukia mwenyewe, kwa sababu hakutaka mikono yao iguse udongo wake. Nikashika jembe la pili. Majirani waliokula samaki wake miaka yote walipita njiani, wakatupa pole, wakaenda zao shambani.