Kidole Tumbo cha Mama Walburga

Walburga hakuwahi kukaa katika nyumba ya mtu kabla ya kuinua mfuniko wa ndoo ya maji. Aliingia, akasalimia, akauliza habari za watoto na za shamba, na wakati wote huo mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye ndoo. Ikiwa imejaa, alivuta kigoda akakaa. Ikiwa imepungua, aliyamimina sufuriani maji yaliyobaki, akachukua ndoo akatoka, na mwenye nyumba akabaki amesimama na kiti cha mgeni mkononi. Aliyafanya hayo hata msibani. Aliyafanya hata siku ya kwanza alipokuja Mjimwema kumtembelea mkamwana wake, Renatha, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye aliona aibu hadi akashindwa kula.

"Mama, bomba lipo hapo nje tu," Renatha alimwambia siku hiyo.

"Bomba halina miguu," Walburga akajibu, naye akatoka.

Renatha alimzoea. Katika miaka sita ya ndoa yake na Pankrasi alijifunza kwamba mama mkwe wake hakuwa mtu wa maneno, na kwamba ukitaka kujua anachofikiri ni bora utazame mikono yake. Walburga alizaliwa Maposeni, akaolewa Mpitimbi akiwa na miaka kumi na saba. Alizaa watoto tisa, akazika watatu, kisha akamzika na baba yao, mzee Leodegari. Shamba alilima kwa jembe la mkono. Mbolea ya bei ya serikali ilipoondolewa, na kila mkulima akaambiwa ajitafutie kwa wafanyabiashara, wengine walilalamika na wengine walipunguza mahindi. Walburga aliongeza shamba. Pale palipokosa mbolea alitia mgongo wake.

Mwaka 1994, mwezi wa nane, Renatha alijifungua mtoto wa pili, Walburga akaja mjini kumhudumia mzazi. Asubuhi moja Renatha alikwenda bafuni, lile la mabati nyuma ya nyumba, akasukuma mlango akidhani hamna mtu. Walburga alikuwa amechuchumaa, mkono mmoja ukutani, wa pili chini, anarudisha ndani kitu ambacho hakikupaswa kuwa nje. Alifanya polepole, bila hofu yoyote, kama mtu anayefunga kifungo cha shati lake mwenyewe.

Renatha akaurudisha mlango. Baadaye wakawa jikoni, wanachambua maharage.

"Umeniona," Walburga alisema.

"Sijaona kitu, mama."

"Umeniona. Ni kizazi, kinashuka. Kilianza kwa mtoto wa sita. Siku ya nne nilikuwa shambani, palizi haikunisubiri."

"Huyo wa sita ana miaka mingapi sasa?"

Walburga alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Kumi na sita."

Kumi na sita, na baada ya huyo akazaa wengine watatu. Renatha alikuwa amesoma chuo, akafundishwa sayansi ya mwili na kuichora ubaoni kwa chaki za rangi, lakini hili hakuwahi kulichora. Sasa alielewa kwa nini mama huyu hupenda kusimama akiwa amebana miguu, kwa nini hakohoi mbele za watu, kwa nini daima ana kitambaa kilichokunjwa kinakauka mahali pasipo na jua, nyuma ya kuni.

Ilimchukua majuma kadhaa kumshawishi aende hospitali. Walburga hakuogopa kisu. Aliogopa midomo. Mwishowe alikubali kwa sharti moja, kwamba asijue mtu, hata Pankrasi.

"Ni mwanao, mama."

"Ndiyo maana. Mtoto wa kiume aambiwe nini? Kwamba mlango aliotokea umelegea?"

"Basi tutasema ni ugonjwa gani?"

Walburga akafikiri kidogo. "Kidole tumbo. Wifi yangu Ida alikatwa kidole tumbo. Ule ni ugonjwa wa heshima."

Ikawa kidole tumbo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefikiri kwamba ugonjwa wa kuazima huja na siku zake za kupona.

Alipasuliwa mwishoni mwa Oktoba, katika hospitali ya misheni. Siku ya kuruhusiwa nesi aliwaketisha wote wawili kwenye benchi. Miezi mitatu, alisema. Asilime, asitwange, asijitwike maji, asibebe mtoto mgongoni. Ale papai na mboga za majani, asijikamue chooni. Na asinyanyue kitu kizito.

"Kizito kama nini?" Walburga akauliza.

Nesi akatazama huku na huku, akaonyesha birika la chai mezani. "Lile likijaa, mwachie mwingine."

Walburga alicheka, akijishika tumbo kwa maumivu. "Binti yangu, lile hata mjukuu wangu analiweza."

"Basi mjukuu alibebe," nesi akasema, wala hakucheka. "Mama, tumeshona nyama iliyochoka. Nyuzi zikikatika kwa mzigo, mara ya pili hapashiki kama mara ya kwanza."

Wakarudi Mjimwema. Walburga akapewa chumba cha watoto, kitanda cha mninga kilichoegemea ukuta. Siku zikawa zinafanana. Asubuhi Renatha alimchemshia maji, akayatia chumvi, akayaacha yapoe hadi uvuguvugu, akamwekea beseni akalie. Halafu akamnyonyesha mtoto, akamwachia binti wa jirani, akakimbia shuleni. Mchana akarudi, akafua vitambaa, akamenya papai, akamnyonyesha mtoto tena. Pankrasi, ambaye alipunguzwa kazi kwenye ushirika mwaka uliotangulia, alishinda sokoni akiuza mitumba, na jioni alirudi na harufu ya marobota ya nguo, akiwa amechoka hata kuongea. Nyumba nzima ilichoka. Kuna jioni ambazo Renatha alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama mkwe wake na wote wawili wakatazama sakafu tu, kila mmoja akimshukuru mwenzake kwa kutozungumza.

Walburga alilala sana. Mwanzoni Renatha aliogopa, akamwekea mkono kwenye paji la uso kutafuta homa. Homa haikuwepo. Alilala kama mtu aliyekuwa akiuwekea usingizi huo akiba tangu usichana. Siku moja alizinduka alasiri, akatazama dari, akasema, "Sikujua kama nimechoka. Nilidhani ndivyo watu walivyo."

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kutofanya kitu. Aliisikia ndoo ikikwanguliwa na kata jikoni, akageukia ukuta. Alimsikia mtoto akilia, akaikalia mikono yake. Na Pankrasi, ambaye alijua kidole tumbo tu, alianza kushangaa.

"Hivi mama kidonda hakijafunga?" alimwuliza mkewe katika juma la nne.

"Bado."

"Mbona mtoto wa jirani alikatwa na sasa anacheza mpira?"

"Mama si mtoto wa jirani."

"Mimi nauliza tu. Usije ukawa unamdekeza."

Juma la tano mvua za kwanza zikanyesha, na Ida akaja kutoka Mpitimbi. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu Leodegari, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Alileta kuku, na karanga kwenye kikapu. Renatha akapiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mkamwana. Yuko wapi huyo mgonjwa wenu anayenenepa?"

Walburga alikuwa amekaa kitandani. Walishikana mikono muda mrefu, maana walipendana, kisha Ida akarudi nyuma hatua moja akamkagua.

"Mimi juma la tatu nilikuwa nimeinamia jembe," alisema. "Wenzako wanakatwa kidole, wifi. Wewe walikukata mkono mzima?"

Pankrasi, aliyesimama mlangoni, akacheka. Hata Walburga akatabasamu, kwa sababu neno lilikuwa zuri. Renatha peke yake hakucheka.

Ida hakuja kutania tu. Mpitimbi kulikuwa na wanawake saba waliolimiana mashamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, tangu waume wao wakiwa hai. Asiyefika kwenye shamba la mwenzake, lake hawaliingii.

"Zamu tatu zimepita hukuonekana," Ida alisema. "Nimewaambia unaumwa. Wakaniuliza unaumwa nini, nikasema kidole tumbo. Wakanitazama mimi niliyekatwa hicho hicho. Sasa wanasema Walburga amekuwa mama wa mjini. Jumatatu ni zamu ya shamba lako. Usipokuwepo, mimi sitasimama pale kukutetea."

"Nitakuja," Walburga akasema.

"Mama, bado," Renatha alisema.

"Nitakaa pembeni tu."

Wote chumbani walijua kwamba hakuwahi kukaa pembeni ya kitu chochote. Akaanza kukunja khanga zake. Alizifunga furushi, na kikapu cha Ida kikajazwa sabuni, chumvi na nguo za mitumba alizotoa Pankrasi kwa watoto wa shangazi yake. Walburga akainama akishike kikapu kile, kwa mikono miwili, kama alivyoshika kila mzigo maishani mwake, bila kuupima kwanza. Renatha aliona shingo yake ikikaza. Aliona jinsi alivyosita nusu ya pumzi, na midomo yake ilivyobanana, na akajua kwamba mwili wenyewe umemwambia, naye amekataa kuusikia.

"Shangazi, si kidole tumbo," Renatha alisema.

Walburga aliachia kikapu. Alimtazama mkamwana wake, akatikisa kichwa mara moja tu, taratibu.

"Baba Yohanes, hebu toka nje kidogo," Renatha akamwambia mumewe. Pankrasi akatoka, lakini mlango wa chumba kile ulikuwa pazia.

"Ni nini basi?" Ida akauliza.

"Ni kizazi. Kilikuwa kinatoka nje, miaka kumi na sita. Wamekirudisha wakakishona. Akibeba kitu kabla ya miezi mitatu kitatoka tena, na hakitashika."

Nje ya pazia viatu vya Pankrasi havikusogea.

Ida akakaa kwenye kitanda. Sauti yake ilipotoka haikuwa ile ya bondeni. "Wifi. Tumelala mkeka mmoja kwenye misiba yote ile. Mbona hukuniambia?"

Walburga alifungua furushi lake, akazitoa khanga moja moja, akaziweka zilipokuwa. Kisha akalala akiwaonyesha mgongo. Ida aliondoka asubuhi na basi la kwanza, akasema zamu za Walburga atazilima yeye, zake na za wifi yake, na akazilima kweli.

Majuma saba yaliyobaki yakapita. Pankrasi alianza kuchota maji mwenyewe alfajiri kabla ya kwenda sokoni. Hakuna aliyemwomba. Alijaza ndoo zote, akamsalimia mama yake kutoka nje ya pazia, akaenda zake, na ilichukua muda kabla hajaweza tena kumtazama usoni. Nesi alimpima Walburga mwishoni mwa Januari akasema nyuzi zimeshika vizuri. Walburga akarudi Mpitimbi akakuta mahindi yamemfika kiunoni.

Nyuzi hazikukatika. Alilima, alitwanga, alikohoa mbele za watu apendavyo. Na siri ikawa imefika kijijini kabla yake, si kwa ubaya, maana Ida alimwambia mtu mmoja aliyekuwa na shida hiyo hiyo, na huyo akamwambia mwingine. Wanawake wakaanza kuja kwake jioni kwa kisingizio cha kuazima ungo. Walikaa, wakazunguka na maneno, halafu wakauliza kwa sauti ya chini, ni hospitali gani, na je, inauma. Aliwajibu wote. Wanne kati yao walikwenda. Lakini Ida alimwambia Renatha kwamba kila wakiondoka Walburga hujifunga khanga upya, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni na kuambiwa ni kwa faida ya wengi.

Kwa Renatha hakubadilika katika jambo lolote ambalo mtu angeweza kulinyooshea kidole. Alituma maharage ya msimu. Alikuja mjini kwenye ubatizo, akaitikia shikamoo, akawapakata wajukuu. Ila hakuzungumza tena habari za mwili wake. Ukimwuliza hali, alisema mzima. Akiwa na homa, alisema mzima. Renatha alijaribu mara moja kuomba radhi, akakuta hajui aombe radhi ya nini, kwa kuwa angerudishwa katika chumba kile, na kikapu kile, angesema tena yale yale. Alibaki na haki yake, na haki ile ilimchosha kuliko kosa.

Mwaka 2001, baada ya Pasaka, ulikuja ujumbe kwamba Walburga amevimba miguu na hali chakula. Renatha alikwenda Mpitimbi siku hiyo hiyo. Walburga alifariki siku ya tatu wodini, wakati Renatha akiwa shuleni akisimamia mtihani, kwa hiyo waliyozungumza asubuhi ya kuondoka Mpitimbi ndiyo ya mwisho. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limeshafika, Ida alikuwa nje akimhimiza dereva atandike godoro vizuri. Renatha aliketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono. Ulikuwa mwepesi kupita alivyotarajia.

"Mama," alisema, "unasikia maumivu wapi hasa?"

Walburga alimtazama kwa muda, bila hasira, hata kwa upendo. Kisha akavuta khanga akajifunika miguu vizuri.

"Hayo," akasema, "nitamwambia daktari."