Kizimba cha Wasioguswa

Asubuhi hiyo nilifungua mlango wa nyumba ya nzi nikakuta kimya. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu nzi. Cheka tu, hata baba yangu alicheka, yeye aliyekuwa mtu wa reli pale Nakuru na aliyetaka nami niende relini. Ilikuwa miaka ya hamsini, na kule juu kwenye baridi, upande wa Molo, palikuwa na kituo kidogo cha kuchunguza pareto. Ni ua jeupe lenye moyo wa njano, ndugu yake alizeti, na likikaushwa na kusagwa huua wadudu. Mzungu aliyekuwa mkubwa wetu alipanda aina nyingi ili ajue ipi ina sumu kali. Kila jioni nilipuliza dawa ya aina moja ndani ya kizimba cha wavu chenye nzi hamsini. Kando yake, juu ya alama ya chaki, kilikaa kizimba cha pili chenye nzi hamsini wasioguswa na dawa yoyote. Asubuhi nilihesabu wa pande zote mbili. Wasioguswa wakifa, basi kuna kitu kingine kinachoua, na kazi yote ya siku hiyo inatupwa.

Asubuhi hiyo wasioguswa walikuwa chali, miguu juu. Wachache walikuwa bado wanatetemesha mguu mmoja.

Siku zile kituo kizima kilikuwa kimya. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikiwashuku Wakikuyu wote kuwa waasi, na majuma mawili kabla ya hapo malori yalikuja na askari, yakawabeba wachumaji wote Wakikuyu na watoto wao, yakashuka nao kwa njia ya Gilgil. Laini zao, zile safu za vibanda vya wafanyakazi, zilibaki milango wazi, majivu mekoni, kandambili moja hapa, sufuria pale. Maua yalifunguka kupita kiasi shambani kwa kukosa mikono. Sisi tuliobaki, wengi tuliotoka magharibi, tulipita hapo tukizungumza kwa sauti kubwa bila sababu. Mwenzangu mmoja aliniambia nyumba ya nzi sasa ina wenyewe wasioonekana, na akakataa kuingia tena.

Niliosha kizimba kwa maji moto na sabuni. Kesho yake, chali. Siku ya tatu, chali.

"Mikono yako iko na pareto," bwana akaniambia kwa Kiswahili chake. "Wewe nachafua kazi."

Maneno hayo yaliniuma sana, kwa maana nilijiona mtu msafi kuliko wote pale. Nikachunguza wavu kwa makini, nikaona vumbi jembamba la njano upande wa juu. Nikainua macho. Juu kulikuwa na dari ya mbao, na mbao zilikuwa zimeachana.

"Inatoka darini, bwana," nikasema kwa ujuaji wangu. "Tufungue dari."

Alifurahi. Jumatatu fundi angekuja na nyundo, wangeng'oa mbao zote. Nilitembea kifua mbele siku nzima.

Jumamosi mchana nilishindwa kungoja. Nilitaka niwe na jibu kabla ya fundi. Nikaegemeza ngazi nyuma ya nyumba na kuvuta ubao uliofunika tundu la darini. Harufu ya pareto ilinipiga puani. Nikatazama huku na huku: hapakuwa na utando hata mmoja wa buibui. Hapakuwa na mende, wala sisimizi, wala nyigu. Dari ya miaka mingi, na hakuna kilichokuwa hai. Karibu na tundu, juu ya magunia, palikuwa na tandiko la maua makavu lililobonyea, bega, nyonga na magoti, umbo la mtu aliyelala ubavu. Nikaweka mkono. Palikuwa na joto.

"Rudisha ubao, mwanangu," sauti ikasema kutoka pembeni. "Wataona."

Karibu nianguke na ngazi. Alikuwa mama mchumaji, yule aliyenifundisha kulijua ua lililo tayari kwa kulibonyeza kwa kidole gumba. Sote tuliamini alikwenda na malori. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi.

"Mama, si ulibebwa?"

"Walibeba wengine. Mimi nilijificha kwa nyumba ya kukaushia maua, juma hili nikahamia hapa. Msichana wangu alikuwa ameenda shamba ya ng'ambo kuona dada yangu. Akirudi atanitafuta hapa. Nikienda, atanipata wapi?"

"Na maua haya?"

"Viroboto walikuwa wananimaliza." Akacheka kidogo. "Sasa hakuna hata mmoja."

Basi ndiyo hivyo. Kila alipojigeuza, vumbi lilishuka juu ya nzi wangu. Nikamwambia kuhusu fundi. Akaniuliza nani aliyemwambia mzungu afungue dari. Nikainamisha macho, na akaelewa. Hakunitukana. Ningeona afadhali anitukane.

Jumapili na Jumatatu nilifika kabla ya wote, nikamwaga wafu, nikatia nzi wazima kutoka chumba cha kuwafugia. Bwana aliwatazama wakivuma, akamrudisha fundi na nyundo yake. Tangu hapo nilifanya hivyo kila siku. Mimi niliyejisifu kwa usahihi nilidanganya kitabu kizima cha hesabu ya nzi, na kila jioni niliacha sahani ya viazi penye ubao.

Nikaanza kuupenda ukimya ule. Nilifungua mlango polepole, nikisikiliza, na nikikuta nzi wamelala chali moyo wangu ulitulia. Alikuwa amelala hapo, alikuwa amejigeuza, yu hai.

Kisha, asubuhi moja baada ya mvua kubwa, nilifungua mlango nikasikia mvumo.

Nilihesabu mara mbili. Hamsini, wote wazima. Nikakimbilia ngazi. Sahani ilikuwa imefutwa na kufunikwa kifudifudi. Tandiko lilikuwa na umbo lilelile, bega, nyonga na magoti, lakini lilikuwa baridi. Chini, matope yalikuwa yamevurugwa na mvua, nisijue kama ni miguu ya msichana iliyokuja au viatu vya askari. Nilikaa juu ya ngazi nikalia, na sijui mpaka leo.

Bwana alipofika alichungulia kizimba, kisha kitabu. Kwa mara ya kwanza kwa majuma mengi nilikuwa nimeandika kweli.

"Nzi yote mzima," akasema. "Kazi mzuri sana."

Nikamwambia asante.