Mikanda ya Kupima Mwendo

Mume wangu alirudi kutoka vita ya Somalia na vipande vya chuma kwenye nyonga. Kwanza alitembea tu, kwa kuchechemea. Baadaye mguu wa kulia ukaanza kupinda, na daktari wa hapa Jinja akasema usipofungiwa chuma cha kuushikilia, siku moja atakaa chini asiinuke tena. Chuma hicho hutengenezwa Mbale, lakini ni lazima mtu apimwe kwanza anavyotembea, kwa hiyo tukasafiri huko, kwenye ukumbi wa wapimaji.

Mimi nilidhani kupimwa ni ile tepu ya fundi cherehani. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo mashine naieleza nilivyoiona. Ni vidude vidogo kama kibiriti. Vinafungwa kwa mikanda kiunoni, mapajani na juu ya vifundo vya miguu, na kila kimoja kina taa ya kijani inayowaka na kuzimika. Ukitembea, kompyuta inachora mistari.

Mpimaji, Mgisu mmoja mwenye maneno mengi, akamsogelea mume wangu na mkanda wa kiuno. Mume wangu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Toa hiyo kitu."

"Afande, hii haina moto. Iko nasikiliza mguu tu."

"Nimesema toa!"

Kule Somalia alikuwa kwenye kizuizi cha barabara siku ambayo mtu alikuja na mkanda wa mabomu chini ya shati. Aliniambia mara moja tu, na hakumaliza. Kwa hiyo nilimwelewa, ama nilidhani nimemwelewa, maana vita mimi naijua kwa kusimuliwa. Mpimaji naye simlaumu, hakuna aliyemwambia. Niliogopa atampiga yule mtu. Niliogopa zaidi turudi kwetu Mpumudde, Jinja, hivyohivyo, mguu uendelee kupinda, kwa sababu wale wapimaji na mashine yao walikuwa wanaondoka Mbale siku hiyohiyo.

Nikasema, "Nifunge mimi kwanza. Yeye aone."

Mama mmoja aliyekuwa benchini na magongo yake akapiga makofi. "Eh! Leo afande ni bibi! Wewe mzee utabaki kupika!"

Watu wakacheka. Hata mume wangu alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Nikakunja gomesi, gauni langu refu, wakanifunga, nikatembea ukumbini kwenda na kurudi. Hakuna kilicholipuka. Nilitaka kumgeukia nimwambie, unaona? Lakini mpimaji alikuwa ameinamia kompyuta, amekunja uso.

"Mama, wewe naumwa wapi?"

"Siumwi."

"Mbona kisigino haigongi chini? Angalia." Akanionyesha mistari ya mtu mwingine, kila hatua imesimama kama mwiba. Yangu ilikuwa imelala. "Wenzako wanachora miiba, wewe nachora matuta ya viazi. Natembea kama paka nayoiba samaki! Zamani ulikuwa hivi?"

Watu wakacheka tena. Mume wangu hakucheka.

Sikuwahi kujua kwamba natembea hivyo. Lakini mara tu aliposema, nilijua ni tangu lini. Mume wangu alipotoka vitani, kitu chochote kikigonga nyumbani alikuwa anaruka. Mchana mmoja mfuniko wa sufuria uliniponyoka, akanikamata, akanitupa sakafuni, akanilalia. Niandike sawasawa: hakunipiga. Alikuwa ananikinga. Alikuwa ananong'ona, "Kaa chini, kaa chini," na moyo wake unapiga mgongoni kwangu. Hajaninyoshea mkono hata siku moja. Lakini bega liliniuma muda mrefu, na hiyo nayo ni kweli. Nafikiri miguu yangu ilijifunza siku ile bila kuniuliza.

Mume wangu akaniita karibu. "Ni mimi?"

Ningeweza kusema hapana. "Sijui," nikamjibu. Huenda ni umri tu. Mpaka leo siwezi kuapa.

Alinitazama, kisha akamwambia mpimaji, "Mfungue. Nifunge mimi."

Yule mtu, nampa haki yake, aliacha mzaha. Kila mkanda aliutaja kabla ya kuugusa. "Sasa kiuno, afande. Sasa paja." Mume wangu alifumba macho, jasho likamtoka mpaka shingoni. Alinishika mkono hadi vidole vikafa ganzi. Kisha akatembea. Mistari yake ilitoka mibaya, mmoja mrefu, mmoja mfupi, na mpimaji akasema hiyo inatosha kutengenezea chuma.

Tukaenda kungojea chuma Namatala, mtaa wa hapohapo Mbale, kwa dada yake mume wangu. Dada alikuwa ametoka kwenda sokoni. Mume wangu akavuta kigoda, akakaa akitazama ukuta, amenipa mgongo.

"Pita nyuma yangu," akasema. "Piga kisigino, nisikie."

"Afande, wacha tupumzike kwanza."

"Pita."

Niliogopa kuliko pale ukumbini. Hapa hapakuwa na mtu wa tatu. Nikaangalia mlango ulipo, naona aibu kulisema hilo, kisha nikapita. Kisigino kikagonga saruji. Mabega yake yakaruka, mikono ikashika kigoda mpaka mbao zikalia. Hakugeuka.

"Tena," akasema.