Tunafika Saa Mbili

Ukiniuliza kutoka uwanja wa ndege wa Arlanda, huku kwa Waswidi, mpaka Dar ni mbali kiasi gani, nakujibu bila kushika simu: kilomita elfu saba na kitu, ukipiga mstari mnyoofu. Ila ndege ya kupita huo mstari sijawahi kuiona. Mambo haya sikufundishwa na mtu, nimejifunza mwenyewe kwa kuwatafutia watu wa mtaa wetu wa Hagsätra tiketi. Kwa hiyo bibi alipofariki, mama akaniangalia mimi.

Nikapata njia ya Addis Ababa. Tunatoka jioni, kesho yake saa nane mchana tunatua. Mjomba, kaka yake mama, alikubali kusogeza maziko mpaka baada ya alasiri ili mama amwone mama yake uso. "Zaidi ya hapo siwezi, dada," alisema.

Arlanda nilikuwa nagombana na mtu wa mizigo kwa ajili ya kilo mbili. Mama amekaa pembeni. Simu yake ikalia, akaipokea mdogo wangu wa kike, kazaliwa hukuhuku, hata saa kajifunzia shuleni kwa Kiswidi. Haya alinisimulia baadaye. Mjomba aliuliza tunafika saa ngapi hasa, naye akasoma tiketi: 14.00. Kwa Kiswidi hiyo ni mbili.

"Saa mbili, mjomba."

"Haya, mwanangu."

Ndege haikuchelewa. Tulipotua nikampigia mjomba, hakupokea, na msibani nani anashika simu. Tukachukua teksi. Tunaingia uani, watu wako kwenye majamvi wanakula, na mjomba kanzu yake ina udongo chini.

"Mbona mmewahi?" akasema. "Si mlisema saa mbili? Nikajua usiku, na mpaka usiku nisingeweza kungoja. Tumeshamsitiri, baada ya adhuhuri."

Mama akabaki amesimama na mkoba begani. "Nani kasema saa mbili?"

Mdogo wangu akanishika shati kwa nyuma. Nikaelewa palepale.

"Mimi," nikasema.

"Sauti niliyosikia ilikuwa ya kike," mjomba akasema.

"Baridi ya kule inabana koo, mjomba."

"Na ndevu zote hizo hajui saa," mama mmoja akasema kwenye jamvi. "Huko Ulaya wanasoma nini sasa?"

Siku nyingine ningemjibu mpaka magharibi. Siku ile niligeuka nikaanza kushusha mizigo.

Mama hakulia. Aliuliza bibi alikuwa analala chumba gani, akaingia. Kitanda kilishatandikwa shuka jipya. Akakaa ukingoni, akalinyoosha kwa kiganja, akalinyoosha tena.

Nje, mdogo wangu akaniuliza kwa Kiswidi kama mama atajua.

"Nimeshasema ni mimi. Usije ukanigeuka."

Wakatuletea wali na nyama. Nikala wote, sijui hata kama ulikuwa na chumvi. Yeye akawa anausogezasogeza wake kwenye sahani. Nikamalizia na huo.