Barua ya tabia njema niliyomwandikia fundi cherehani aliyeshtakiwa Arusha

Wakuu, salaam kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Hili nimelikalia miaka mingi. Nalisema lilivyo, bila chumvi, maana chumvi ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa Chang'ombe, Dodoma, soko huria lilipokuwa limechangamka. Mitumba ilifurika, kila baraza lina cherehani ya kupunguzia suruali.

Aliyezitengeneza cherehani hizo zikiharibika ni Mzee Anselmi, mkimbizi kutoka nchi jirani, mtu wa maneno machache. Mkewe tulimwita Mama Tilda.

Siku moja Mzee akakamatwa, akapelekwa Arusha kwenye ile mahakama ya kimataifa. Ikasemwa kwao alikuwa kiongozi, na wakati wa mauaji ya kimbari aliwaonyesha wauaji nyumba za majirani zake.

Mtaa mzima tulikataa. Huyu aliyeshika jembe kwenye kaburi la mama yangu?

Baadaye akaja msaidizi wa wakili wake, mgeni mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Akatueleza kwamba Mzee amekwisha kukiri kosa. Kilichobaki ni majaji kupima adhabu, hivyo majirani waandike wanavyomfahamu, basi.

Hapo ndipo tulipopotea. Sisi kukiri tulikujua kwa kituo cha polisi: mtu kabanwa, kasema. Na barua ya tabia njema tuliijua kwa kijana anayetafuta kazi, ambayo haisemi lolote la siku alizolewa pombe.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Ndahani, akaniita. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na tayari nilijihesabu mwandishi wa riwaya na mashairi.

"Andika, mwanangu," akaniambia. "Barua ya mtaa haimfungi mtu. Si wewe unayetuchosha na mashairi? Leo yafanye kazi."

Nikaandika habari za misiba aliyohudhuria, wajane aliowatengenezea cherehani bure. Yote kweli.

Kisha nikaongeza aya ambayo hakuna aliyeniagiza. Kwamba mara nyingi, akiwa ameinamia kazi yake, Mzee alituapia kuwa hakumdhuru mtu.

Wakuu, hakuwahi kutuapia. Kwao hakukutaja hata siku moja. Niliona tu barua inakosa kilele.

Balozi aliposomewa alipangusa macho. Akagonga muhuri, akaifunga bahasha kwa gundi, nayo ikafika mahakamani hivyo hivyo, bila wakili kuifungua.

Mama Tilda alisafiri kwenda kusikiliza. Aliporudi nikaenda kumpa pole, na moyoni nikitarajia shukrani.

Akanisimulia taratibu. Siku ile Mzee alikuwa amejiandaa kutaja majina ya majirani zake waliokufa, mmoja mmoja, na kuomba radhi. Lakini kwanza mwendesha mashtaka akasimama na barua yetu. Akauliza: huyu anayesema anajuta, mbona kwa majirani aliapa hana kosa?

Mzee akajibu hakuwahi kuapa. Akaulizwa: basi majirani zako ni waongo?

Akanyamaza. Hakutaka kumwita balozi wetu mwongo.

Alipoanza kutaja majina, mwanamke mmoja wa kwao, aliyekuja kusikia jina la marehemu mumewe, alikuwa amekwisha kutoka nje.

"Uliandika vizuri sana, mwanangu," Mama Tilda akaniambia. "Lakini mume wangu alikwenda kule kusema kweli."

Nikaomba maji, nikanywa, nikaaga.

Majaji walimpa miaka mingi, na wakasema majuto yake wameyatilia shaka. Aya yangu ilibeba mingapi kati ya hiyo, sijui. Ila miaka siyo inayoniuma zaidi. Yule mjane alisafiri mbali kusikia jina moja, akasikia urembo wangu.

Nilichojifunza: anayekwenda kuhukumiwa unaweza kumsemea wema wake wote, lakini usimnyang'anye kosa lake. Lina wenyewe, wengine wako makaburini.

Balozi amefariki bila kujua aya ile niliitunga. Mama Tilda yupo, na ingawa nadhani anajua, bado sijamwambia kwa kinywa changu. Nyinyi mngemwambia? Semeni hapa chini, hata mkinichana nitasoma.