Figo ya Ukoo na Sindano ya Eunike

Watu wa Machame watanuna, ila ndivyo ilivyokuwa: figo iliyokuwa inamweka hai Eunike Nkya ilikaa mwilini mwake yeye, na ukoo mzima ukajiona ndio wenye mali.

Kama hujawahi kumsikia Eunike, basi hujawahi kununua kiatu sokoni Kiboriloni. Alianza mwaka 1987, biashara ya mitumba ilipoanza kufunguka, akiwa binti wa miaka ishirini na sita mwenye turubai moja na mdomo wa kutosha soko zima. Kabla ya hapo kiatu cha maana ulikipata kwa kujuana na mtu wa dukani. Eunike akavimwaga chini, pea mia kwa mpigo, uchague mwenyewe. Shule aliishia darasa la saba. Lakini akigusa ngozi tu, anakwambia hii itapasuka kabla ya Pasaka.

Mwaka 2002 miguu yake ilivimba mpaka viatu vyake mwenyewe vikamkataa. Figo zote mbili zilikuwa zimekwisha. Hospitali wakasema apandikizwe nyingine, na wakati huo maana yake ilikuwa India. Ukoo ukakaa kikao. Usharika ukachangisha, ndugu wa Dar wakatuma chochote, watu watano wakatoa damu ipimwe. Aliyefanana naye ni mdogo wake Gidioni, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu anayeongea mara mbili kwa wiki. Mwaka 2003 wakaenda Chennai wawili na figo mbili nzima kati yao, zote za Gidioni. Wakarudi kila mmoja na moja.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Uchagani mwenye ng'ombe wengi anaweza kumwekesha ndugu yake mmoja. Ndugu analisha, anakamua, anapata maziwa na mbolea. Ila ng'ombe si wake. Hamuuzi, na hampi dawa ngeni bila mwenyewe kujua. Sasa baba yao mkubwa, mzee Filemon, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa ukoo, aliichukulia figo hivyo hivyo. Ukoo umemwekesha Eunike figo. Maziwa anywe, lakini maamuzi ni ya ukoo.

Kwa miaka sita haikumsumbua mtu. Eunike alimeza vidonge saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, akafungua belo zake za mitumba, akagombana na wateja wake, maisha yakaenda. Halafu ukaja mwaka wa mafua ya nguruwe.

Vidonge vile vina kazi moja: kuwalaza askari wa mwili ili wasiishambulie figo ya kigeni. Askari wakilala, na mafua nayo yanapita bila kuulizwa. Kwa hiyo daktari wake pale mjini, Dokta Kornel, akamwambia akae mbali na msongamano mpaka hali itulie. Sasa niambie, ukitoa msongamano, Kiboriloni siku ya soko kunabaki nini? Eunike akafunga biashara, akapanda Machame kwa Gidioni, akafungiwa.

Nimesema akafungiwa. Mzee Filemon alipiga marufuku wageni. Aliyekuja kusalimia alisimama huko kwenye migomba na kupiga kelele.

"Nimekuwa kama ng'ombe wako," Eunike alimwambia Gidioni mwezi wa pili wa kufungiwa. "Naletewa majani bandani."

"Ng'ombe wangu hawalalamiki."

"Kwa sababu hawajawahi kuuza viatu."

Wiki hiyo hiyo redio ikatangaza kwamba chanjo mpya ya mafua imefika, na wenye magonjwa ya muda mrefu watangulie. Eunike hakusubiri taarifa iishe. Alishuka zahanati siku ile ile. Nesi alikuwa Mektrida, mama wa makamo, mwaminifu kupita kiasi kwa alichofundishwa. Eunike akajieleza. Mektrida akaweka kalamu chini.

"Umepandikizwa? Hapana mama. Nyie chanjo hamruhusiwi."

"Nyie akina nani?"

"Mnaomeza dawa za kushusha kinga. Mtu kama wewe nikimchoma surua au homa ya manjano, nampa ugonjwa wenyewe."

"Mimi nimeomba surua?"

"Chanjo ni chanjo, mama."

Chanjo ni chanjo! Ni sawa na kusema kiatu ni kiatu, halafu unaenda kupalilia kahawa na mchuchumio. Lakini nesi ameshasema, na jioni mzee Filemon alikuwa ameshapata habari.

Jumapili baada ya ibada ukoo ukakaa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, ndoo ya mbege, pombe ya ndizi, katikati, kata moja ya kunywea ikizunguka kutoka mdomo hadi mdomo. Eunike aliwekwa mbali peke yake na chai yake.

"Mwanangu," mzee Filemon akaanza, "nesi amekataa. Na dawa yenyewe hata mwaka haina. Figo yetu haitachomwa kitu kisichojulikana."

"Yetu, baba?"

"Yetu. Tulikaa hapa hapa tukaitafuta."

Wote wakaitikia. Mmoja akaongeza kwamba Dar amesikia watu wanachomwa wanapooza. Amesikia kwa nani, hajui. Kikao kikafungwa, mbege ikaendelea.

Eunike hakubishana. Asubuhi alikuwa anashuka mjini, na njia nzima alikuwa anatafuna lile neno la nesi. Nampa ugonjwa wenyewe. Sindano itampaje mtu ugonjwa kama ugonjwa haumo humo, mzima, unapumua? Kwa hiyo alipofika kwa Dokta Kornel hata salamu aliifupisha.

"Dokta, kirusi cha kwenye hii chanjo mpya kiko hai au kimekufa?"

Daktari akamwangalia. "Nani kakufundisha kuuliza hivyo?"

"Nesi, bila kujua."

Daktari akacheka, akatoa karatasi ya maelezo. "Hii iliyoletwa kwetu kirusi kimeuawa. Haiwezi kukupa mafua. Nje huko ipo ya kupuliza puani, hiyo iko hai. Hiyo ningekukatalia mimi mwenyewe."

"Kwa hiyo nichome."

"Sijamaliza. Ni mpya. Watu wenye figo kama yako waliofuatiliwa baada ya kuchomwa ni wachache. Na kwa kuwa askari wako wamelala, inaweza kukukinga nusu tu."

"Na hao askari haiwezi kuwaamsha wakaigeukia figo?"

"Hofu hiyo ipo, madaktari wanaijadili. Ushahidi wa kunizuia sijauona. Mafua yenyewe ndiyo nimeona yanachomfanya mtu. Mimi nakushauri uchome, halafu baada ya wiki mbili tupime damu. Vidonge usiache hata siku moja. Ila mkono ni wako, sikulazimishi."

Hapa ndipo nampendea huyu mama. Watu wawili waliosoma wamempa majibu mawili, naye hakuchagua lile tamu. Mtu wa mitumba kila wiki ananunua kitu asichokiona. Belo limefungwa mikanda, huruhusiwi kuchungulia. Mgeni wa biashara anaangalia rangi ya mfuko. Eunike ana maswali mawili: nani amelifunga, na nani ameshafungua la aina hii kabla yangu?

"Nani ameshafungua kabla yangu, dokta?"

"Kwa wagonjwa wangu, utakuwa wa kwanza."

"Waulize Chennai."

Daktari akawaandikia barua pepe mbele yake. Jibu lilichukua siku nne, na siku hizo nne Eunike alizihisi zote. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba akipima pande mbili. Asipochoma, anabaki Machame mpaka lini? Hakuna aliyempa tarehe. Na mafua yenyewe hayahitaji soko. Yangeweza kupanda na mtoto yeyote anayerudi shule. Akichoma ikaharibika, Gidioni hana figo ya tatu. Hilo ndilo lililomnyima hamu ya kula. Mdogo wake alikuwa anapita mbele yake na ndoo za maziwa, kovu likionekana shati likipanda, na hakumuuliza chochote.

Siku ya tano daktari akapiga simu. Chennai walikuwa wameshawachoma wagonjwa wao kama yeye. Mikono iliwauma, wengine walipata homa ya siku moja, na figo hazikuwasumbua. Tena wakaongeza: wanaoishi na mgonjwa nao wachomwe, ili mafua yasipate mlango wa kumfikia.

Eunike akakata simu na alikuwa ameshaamua. Akaitisha kikao. Ndiyo, yeye, mwanamke, aliyewekwa mbali na kata. Wazee waliguna lakini wakaja, maana mbege aliagiza yeye.

"Shikamooni. Sikuja kuomba," akasema. "Nimewaita niwaambie. Kesho nachoma."

Mzee Filemon akasimama. "Ng'ombe wa kuwekeshwa hapewi dawa mwenyewe hajui!"

"Ndiyo maana nimewaita, baba. Mjue."

Watu wakacheka mpaka mzee akagonga fimbo. Akamgeukia Gidioni. "Wewe ndiye uliyepasuliwa. Mwambie dada yako."

Gidioni alikunywa, akapokeza kata kwa jirani, akasimama taratibu kama anayeogopa kuumiza kiti.

"Baba, ng'ombe wa kuwekesha nawajua. Ninao watatu kwa watu. Kila mmoja najua siku nitakayomfuata." Akamtazama dada yake. "Hii sikuwekesha. Nilitoa. Figo ni ya dada."

Akakaa. Maneno ya wiki yalikuwa yamekwisha.

Eunike hakuwapa wazee nafasi ya kujibu.

"Ila kama bado mnaitaka iwe ya ukoo, mimi nakubali. Mwenye ng'ombe, ng'ombe akiwa hatarini, si huwa anakuja? Daktari kasema kwangu inaweza kukamata nusu. Nusu nyingine ni nyie. Msipougua, mtaniambukiza nini? Wenye mali wote, kesho saa tatu, zahanati. Njooni na mkono wa kushoto."

"Sisi?" mzee Filemon akashtuka. "Sisi si wagonjwa!"

"Basi si wenye figo."

Shangazi mmoja alicheka mpaka akamwaga mbege kwenye kitenge. Kikao kikaishia hapo hapo, maana hakuna mwenyekiti anayeweza kuendesha kikao watu wakiwa kwenye hali ile.

Kesho yake walikuja ishirini na watatu. Nimewahesabu kwa majina. Zahanati chanjo zilikuwepo, kwa sababu uvumi wa Dar ulikuwa umewafukuza watu, na Mektrida alikuwa ameshaambiwa amchome yeyote atakayejitokeza. Eunike akampa barua ya Dokta Kornel. Mektrida aliisoma mara mbili, akasoma na karatasi ya kwenye boksi, kisha akavua miwani.

"Mama, mimi nilishika nusu ya somo. Nisamehe."

"Wewe ndiye uliyenipa swali. Choma."

Akachoma. Sekunde mbili, imekwisha. Miezi miwili ya kufungiwa, vikao viwili, barua ya kwenda India, na jambo lenyewe sekunde mbili.

Aliyefuata alikuwa mzee Filemon, ndani ya suti ya kanisani, akaweka mkono mezani na kugeuza uso dirishani.

"Baba mkubwa, unalia?" Eunike akamuuliza.

"Jua hili."

Nje kulikuwa na mawingu mpaka mlima wote umepotea.

Siku ya kwanza mkono ulimuuma Eunike na homa kidogo ikapanda. Simu ililia kutwa. Hakuna aliyeuliza Eunike anaendeleaje. Waliuliza figo inasemaje. "Inawasalimu," akawajibu, mmoja baada ya mwingine. Siku ya pili homa ikaondoka. Baada ya wiki mbili Dokta Kornel akapima damu: namba zile zile za kabla ya sindano. Akarudia kupima wiki iliyofuata, kwa wasiwasi wake mwenyewe, zikawa zile zile. Mafua yalipita Machame mwezi uliofuata, yakalaza watu nyumba tatu za jirani. Kwa akina Nkya hakuna aliyepiga hata chafya. Dokta akamruhusu arudi kazini, akae sehemu yenye hewa, awakwepe wanaokohoa.

Akashuka Kiboriloni Jumamosi yake ya kwanza na belo mbili. Jirani yake wa kibandani, Sirili muuza ndoo, alikuwa ameshajitanua mpaka kwenye eneo lake.

"Mama Viatu! Sisi tulijua umeshakufa. Nilikuwa nakutunzia tu sehemu."

"Umeitunza vizuri. Aika, asante. Sasa toa ndoo zako kabla sijazipiga teke."

Sirili akaanza kubeba huku akicheka, ndoo tano tano. Eunike alikuwa bado anakata mikanda ya belo la kwanza pale mama mmoja wa Himo, mteja wa miaka, alipoinama tayari kuchagua.

"Umeadimika mama. Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Kikaoni," Eunike akasema. "Unavaa namba ngapi?"