Mkata tiketi wa Nyeri anayenyoosha hadithi za filamu

Saa tatu asubuhi, soko la Chaka limeshachangamka. Waridi Shee amesimama mbele ya Magdaline, muuza viazi, lakini hakuja kununua. Kando yake yuko Wangechi, mpima maziwa kutoka Mweiga, anayefinyafinya ncha za kitambaa chake cha kichwa.

"Mwambie," Waridi anasema kwa upole.

Wangechi anakohoa. "Filamu hii inahusu chama cha akina mama wa Mweiga ambao kwa umoja na bidii waliondoa nyumba za nyasi, wakaezeka mabati na kujenga taifa."

Magdaline hainui hata kichwa. Anaongeza kiazi kwenye mzani. "Hiyo ni mzuri. Hata chifu alisema hivyo kwa baraza. Sasa mama, utachukua viazi ama unanizibia wateja?"

Waridi anacheka, anamshukuru, na kumvuta Wangechi pembeni. Sentensi haijashika, na wote wawili wanajua.

Kikosi cha filamu kutoka Nairobi, kile kinachozungusha sinema vijijini kwa gari, kimetangaza kwamba mwaka huu wa 1976 kitachagua wazo moja la filamu kutoka miji ya Mlima Kenya. Mwenye wazo hulieleza kwanza kwa sentensi moja. Ikiwa sentensi haivutii, kurasa nyingine hazifunguliwi. Wazo la Wangechi lilirudishwa mwaka jana. Sasa amebakiza wiki moja tu, na hakuna anayejua kikosi kitapanda tena mlimani lini.

Ndiyo maana amemtafuta Waridi, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Majengo, mjini Nyeri, ambaye wengi humwita Mama Subira kwa jina la bintiye. Hukata tiketi kwenye ukumbi wa sinema kwa shilingi mia nne kwa mwezi. Hakusomea filamu popote.

"Dirishani ndipo nilipofundishwa," anasema. "Mtu anainama, anauliza, 'Mama Subira, hii inahusu nini?' Nyuma yake kuna foleni mpaka barabarani. Una pumzi moja tu ya kumjibu."

Mwanzoni alikuwa akisema yote. Siku moja alimweleza mzee Hezekiah, fundi viatu, kwamba mwishowe shujaa anaokolewa. "Akaniambia, 'Kumbe ameokoka? Basi asante sana.' Akaenda zake nyumbani na pesa zake!"

Leo watu humfuata kutoka Karatina hadi Nanyuki. Hawalipi, ila mwenye kabichi huja na kabichi. Yeye hafuti neno la mtu. Huuliza, kisha husubiri, hata kama kusubiri kutachukua asubuhi nzima.

Kosa analokutana nalo zaidi, anasema, linatokana na adabu. "Watu wa huku tumelelewa tusijitaje. Ukiuliza nani alilima, utaambiwa tulilima. Ni jambo zuri. Lakini kamera itamfuata nani akiingia mlangoni?"

Kwa hiyo, pale kando ya magunia, anamwuliza Wangechi swali moja. Katika chama chao, kila mwezi wanawake huchanga, na nyumba huezekwa kwa zamu. "Nani aliezekewa mwisho?"

Wangechi anaziachia ncha za kitambaa. "Ni mama yangu."

Mama huyo ni Wachuka, mjane. Alingoja zamu yake miaka minne. Asubuhi mabati yake yaliposhushwa, nyumba ya jirani ilikuwa imeungua alfajiri hiyo. Wachuka akampa jirani mabati yote.

"Na huyo jirani alikuwa nani kwake?"

Hapo Wangechi anatazama chini. Jirani aliwahi kumtukana Wachuka mbele ya chama kizima, akisema mjane hana haja ya mabati kwa kuwa hana mwanamume wa kunyeshewa. "Hiyo siwezi kuandika, Mama Subira. Wote wawili wako hai. Wanasali kanisa moja."

Waridi hamsukumi. "Basi nenda ukawaulize wenyewe."

Siku tatu baadaye Wangechi yuko dirishani kwa Waridi, anacheka hadi machozi yanamtoka. Mama yake alimkemea: "Ati mnayaondoa matusi? Mkiyaondoa, mimi niligawa mabati tu kama serikali. Weka matusi!" Kisha Wachuka mwenyewe akavuka ua kwenda kwa jirani. Jirani alikubali, mradi asitajwe jina, na atakayemwigiza asiwe na sura mbaya.

Jumamosi wanarudi Chaka. Safari hii Wangechi hakohoi.

"Mjane aliyengoja miaka minne kuezekewa nyumba anapata mabati yake asubuhi ileile ambayo nyumba ya jirani aliyemtukana imeungua."

Mkono wa Magdaline unasimama juu ya mzani. "Akampa?"

Waridi anatabasamu tu.

"Mama Subira, usinifanye hivyo! Alimpa ama hakumpa?"

"Mimi ningemwacha anyeshewe," mteja mmoja anadakia.

"Wewe nawe! Na watoto wake je?" mwingine anamjibu, na mara watu sita wanabishana huku viazi vikisubiri.

Sentensi ilikwenda Nairobi Jumatatu iliyofuata, na mwezi uliopita kikosi kikaichagua. Kazi ya kupiga picha itaanza Mweiga Januari, mvua zikiisha. Wachuka, ambaye aliezekewa mwaka uliofuata, ameshauliza kama atalipwa kwa kukaa mlangoni kwake mwenyewe.

Waridi anapopewa sifa, anazigawa sawasawa. "Neno lililoibeba sentensi ni la Wachuka. Mimi niliuliza. Lakini kuuliza nako ni kazi, na kazi hiyo naijua."

Mwenye ukumbi amekubali kumwachia viti vya mbele kila Jumapili asubuhi, kabla ya sinema kuanza, ili watu waje na hadithi zao. Waridi anataka kufika kwanza Gatitu, nje kidogo ya mji, kuwaita watu nyumba kwa nyumba.

"Kule wananiambia hawana hadithi," anasema, akijifunga kanga yake. "Nitaanza na hao."